Je, tupite njia ya nyuma kwenda Ngazi za Haiku?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma Honolulu, kwenye kisiwa cha Oahu huko Hawaii, mwaka wa pili sasa. Mdogo wangu wa kike anakuja kunitembelea mwezi Machi, atakaa siku nane, na kitu kimoja tu anachokitaka ni kupanda zile ngazi za Haiku zilizoko kwenye mgongo wa mlima, apige picha akiwa juu ya mawingu. Najua ngazi zenyewe zimefungwa na chini kuna walinzi. Wenzangu chuoni wanasema ipo njia ya nyuma kupitia bonde la Moanalua ambayo ni halali: unatokea kileleni, unaziona ngazi kwa juu, hata kuzishuka kidogo kwa ajili ya picha. Wanasema ni matope tu, na kuna kamba za kushikilia. Mimi na mdogo wangu tulipanda Kilimanjaro mwaka 2022 kwa njia ya Machame tukafika Uhuru, kwa hiyo kilele cha mita 850 hakitutishi. Wasiwasi wangu ni mmoja: pale ukuta wa Barranco mdogo wangu aliganda, miguu ikamtetemeka, mpaka mgumu mmoja, yaani mpagazi wa mlimani, akamshika mkono akampandisha. Je, tupite hiyo njia? Na tukikamatwa, ni faini tu au kuna zaidi? Naomba unieleze bila kunificha."

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi kwamba hukuliacha lile la Barranco, maana ndilo lililonipa uhakika wa jibu langu. Jibu ni hapana. Msipite njia hiyo, si wewe wala yeye, na nitakueleza sababu moja baada ya nyingine ili usione nimekukataza tu kama mzee anayekataza. Mwishoni nitakupeleka mahali pengine kwenye Koolau, safu hiyohiyo ya milima iliyobeba ngazi hizo, ambako atapata mawingu na picha yake.

Nianze na ngazi zenyewe, kwa sababu wengi wanaozitamani hawajui zilijengwa kwa ajili ya nini. Mwaka 1942, vita vya Pasifiki vikiwa vimepamba moto, jeshi la majini la Marekani lilitafuta mahali pa kuweka kituo cha redio chenye nguvu ya kuvifikia vyombo vyake vilivyokuwa mbali baharini. Redio ya namna hiyo ilihitaji nyaya ndefu mno zilizoinuliwa juu sana. Badala ya kujenga minara, wakatumia kuta mbili za bonde la Haiku kama nguzo, wakatandaza nyaya kutoka ukuta huu hadi ule. Ili mafundi wafike juu, wakapigilia ngazi za mbao kwenye mgongo wa mlima, na miaka ya 1950 zikawekwa za chuma. Hesabu inayotajwa ni vidato 3,922. Baadaye kituo kikawa cha walinzi wa pwani, na ngazi zikafungwa kwa umma mwaka 1987. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jiji la Honolulu lilizikarabati kwa mamia ya maelfu ya dola kwa nia ya kuzifungua, lakini hazikufunguliwa: palikuwa na suala la nani atabeba lawama mtu akianguka, na palikuwa na majirani. Dhoruba ya Februari 2015 ikaharibu sehemu ya ngazi. Mwaka 2021 baraza la jiji likataka ziondolewe, na Aprili 2024 jiji likatangaza kwamba kazi ya kuziondoa inaanza. Watetezi wa ngazi wakaenda mahakamani, na mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaisimamisha kazi hiyo kwa muda. Kwa hiyo unachokitamani ni mali ya jiji iliyofungwa na iliyofikishwa mahakamani, na hakuna mtu anayezitunza kwa ajili ya mguu wako.

Hao majirani nao ni watu. Nimewahi kulala kwa rafiki katika mtaa ulio chini ya bonde hilo. Saa tisa usiku mbwa wa mtaa mzima walianza kubweka kwa pamoja. Nilipochungulia dirishani niliona tochi tano zikipita kwenye ua wa jirani, watu wakinong'ona na kucheka, mmoja akaruka uzio na kuvunja tawi la mti wa matunda. Mwenyeji wangu hata hakuinuka. Alisema tu, "Ni kila wikiendi." Ukiishi hivyo kwa miaka, utalipigia kelele baraza la jiji mpaka likusikie.

Sasa njia ya nyuma. Wenzako wamechanganya vitu vitatu wakavipa jina moja. Cha kwanza ni barabara ya bonde la Kamananui, huko Moanalua. Hiyo ni halali kabisa, ni pana na karibu tambarare, inavuka kijito mara nyingi, na mtu yeyote anaweza kuitembea. Mbele yake kuna njia ya Kulanaahane, nayo imo katika orodha ya njia za serikali ya jimbo. Cha pili ni ule mgongo wa katikati unaoachana na barabara ya bonde na kupanda hadi kilele cha Puu Keahiakahoe. Huo haumo katika orodha hiyo. Hakuna anayeutunza na hakuna anayeukagua, na safari nzima ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 16, nyingi zikiwa za kupanda na kushuka matuta yanayofuatana kama meno ya msumeno. Cha tatu ni ngazi zenyewe. Ukikanyaga kidato cha kwanza kutoka juu, umeingia eneo lililofungwa sawasawa na aliyeruka uzio chini. Kuingilia kwa juu hakukupi ruhusa, na polisi wanaijua hiyo njia ya juu.

Umeuliza kama ni faini tu. Faini inaweza kufika dola 1,000. Lakini wewe si mwenyeji wa Honolulu, una viza ya mwanafunzi, na mdogo wako atakuwa na viza ya matembezi. Huko Hawaii kuingia eneo lililofungwa ni kosa la jinai, hata kama ni dogo. Fomu ya maombi ya viza ya Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Haiulizi kama kosa lilikuwa kubwa. Utajibu "ndiyo" leo, mwakani, na kila utakapoomba tena, na kila mara utatakiwa kueleza. Mimi ni mtu wa milima, si wakili, kwa hiyo kama jambo la namna hii limeshakutokea au likikutokea, nenda ana kwa ana katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako wakuelekeze kwa wakili wa uhamiaji. Usitegemee ushauri wa wenzako wa bwenini.

Mabango nayo yana historia. Mei 1999, kwenye maporomoko ya maji yanayoitwa Sacred Falls katika kisiwa hichohicho, mawe yalimeguka juu ya genge yakawaangukia watu waliokuwa wamepumzika chini, watu wanane wakafa. Serikali ya jimbo ilishtakiwa na kulipa mamilioni ya dola, na bustani ile imefungwa tangu siku hiyo. Tangu hapo mamlaka za Hawaii hazichukulii bango kama pambo. Ukikuta limeandikwa KAPU, hilo si kapu la sokoni. Kwa Kihawaii ni mwiko: usipite.

Tuache sheria. Hata kama kesho asubuhi lango lingefunguliwa na walinzi wakaondoka, bado nisingekushauri umpeleke mdogo wako kwenye mgongo ule wa katikati mwezi Machi. Hapa ndipo Kilimanjaro inapokudanganya.

Kilimanjaro ni mlima mkubwa na adui yako kule ni hewa nyembamba. Ardhi yenyewe ina huruma: njia imekanyagwa na maelfu, ukijikwaa unaanguka hapo hapo ulipo, unajipangusa, unaendelea pole pole. Kuna mwongozaji kwa lazima, kuna wagumu, kuna lango linaloandika jina lako unapoingia na unapotoka. Koolau ni kinyume. Kilele chake kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 1,000, hewa ni tele, na pumzi zako zitatosha. Adui ni ardhi unayoikanyaga. Kama umewahi kutembea Uluguru masika, ukungu ukiwa umeshuka na udongo mwekundu unateleza kama sabuni, umeikaribia Koolau kuliko alivyoikaribia mtu wa Machame. Sasa ondoa miti pembeni, punguza njia hadi upana wa meza ya kulia, na kila upande uweke bonde.

Kwa nini ipo hivyo? Koolau ni mabaki ya volkeno kongwe. Zamani sana ubavu wake wa mashariki ulimeguka na kuporomokea baharini, katika poromoko ambalo wanajiolojia wanalihesabu kati ya makubwa kabisa duniani. Vipande vyake vimetapakaa kwenye sakafu ya bahari hadi leo. Kilichobaki kilichongwa na mvua kwa muda mrefu mpaka kikawa ukuta ule wa kijani unaouona ukiwa mji wa Kaneohe. Mvua yenyewe inaletwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaujua upepo wa upande huo, ndio kaskazi yetu, ila kule haubadiliki kuwa kusi: unavuma sehemu kubwa ya mwaka, ukiwa umelowa unyevu wa bahari kubwa. Ukifika ukutani hauna pa kwenda isipokuwa juu. Hewa ikipanda inapoa, ikipoa inaachia maji. Ndiyo maana unaweza kuwa ufukweni Waikiki, Honolulu, jua linakuchoma, na kileleni, kilomita chache tu kutoka hapo, wanaloana. Utabiri wa Waikiki haukuambii chochote kuhusu mgongo wa mlima. Na Machi, usisahau, bado ni msimu wa mvua.

Mvua hiyo imefanya kazi nyingine usiyoiona. Imeuozesha mwamba. Lava iliyokuwa ngumu kama nondo imegeuka, miaka nenda miaka rudi, kuwa udongo wa mfinyanzi ambao bado una sura ya jiwe. Unaona jiwe zuri la kushika, unalishika, unajivuta, na linakubaki mkononi kama kipande cha mkate. Nimelishika jiwe la namna hiyo. Sikuanguka kwa sababu mguu mmoja ulikuwa kwenye mzizi, basi. Tangu siku hiyo, kila ninayemfundisha namwambia: piga jiwe kwa kiganja kwanza, sikiliza. Likitoa sauti kama ya mtungi mtupu, liache.

Halafu kuna uluhe. Huu ni mmea wa jamii ya kangaga, unasokotana na kutanda kila mahali kwenye migongo ile, kijani kibichi, wa kupendeza, unafika kiunoni na hata kifuani. Tatizo lake ni kwamba hautandi juu ya ardhi tu. Unatanda pia juu ya hewa. Ukingo wa njia unamomonyoka, lakini uluhe unabaki umening'inia pale pale, kama mkeka uliofunika shimo. Ukipishana na mtu ukasogea nusu hatua pembeni kumpisha, unakanyaga kijani na mguu unazama hadi pajani bila kugusa kitu. Nikikumbuka mlio wa yale majani makavu ya chini yakivunjika, kama mtu anatafuna kaukau, mgongo unanisisimka hadi leo. Kwenye mgongo mwembamba wa Koolau, anayepisha ndiye anayeanguka. Sheria yangu ni kwamba kabla ya kupishana tunasimama wote, tunazungumza, na anayepita anapita upande wa mlima. Kama pande zote mbili ni bonde, mmoja anarudi nyuma mpaka papatikane pana.

Na hizo kamba. Hili ndilo linaloniumiza zaidi kulisikia, kwa sababu linasemwa kama faraja. Kamba zilizoko kwenye njia zisizotunzwa zilifungwa na mpita njia, siku usiyoijua, kwa fundo usilolijua. Jua la tropiki linaila nailoni kutoka nje kwenda ndani. Maji na mchanga vinaikereza kutoka ndani kwenda nje. Kwa macho unaona kamba nene ya buluu. Ukiikunjua nyuzi zake unakuta unga. Mara nyingi imefungwa kwenye kimti chembamba ambacho mizizi yake imeshika tope lilelile linalokutelezesha wewe. Mtu anayeiamini kamba anafanya jambo ambalo asingelifanya bila kamba: anaegemea nyuma na kuuachia uzito wote. Ikikatika, hana mguu unaomshika. Kanuni ni fupi: kama huwezi kupanda na kushuka mahali hapo bila kamba, hapo si pako.

Sasa mdogo wako. Watu wakisikia mtu ameganda mlimani wanasema ni mwoga. Si kweli, na usimwambie hivyo. Mwili wa binadamu husimama wima kwa msaada wa masikio ya ndani, nyayo na macho. Macho hufanya kazi kwa kulinganisha: yanaangalia mti ulio karibu, ukuta, jiwe, na mwili ukiyumba kidogo yanaona vitu hivyo vimesogea, ubongo unasahihisha. Huyajui haya yakitendeka, lakini yanatendeka kila sekunde. Kwenye mgongo mwembamba vitu vya karibu vinatoweka. Kilicho mbele ya macho ni bahari na bonde, vyote vya mbali, na kitu cha mbali hakionekani kusogea unapoyumba. Macho yanakosa habari, mwili unaanza kuyumba zaidi, ubongo unashtuka na kukaza misuli yote, na miguu iliyokazwa ndiyo inayotetemeka. Kisha hofu inaongezeka juu ya hapo. Kwenye Barranco alikuwa na ukuta mbele ya uso wake na bado aliganda. Kwenye mgongo wa katikati hatakuwa na ukuta, hatakuwa na mgumu wa kumshika mkono, na nyuma yake patakuwa na foleni ya vijana wanaotaka kupita.

Kuna dawa ya hali hii, nayo ni mazoezi, si ujasiri. Atazame ardhi mita moja au mbili mbele ya viatu vyake, aguse kitu kwa mkono hata kama hakihitaji, asimame kabla ya kuangalia mandhari badala ya kuangalia huku anatembea. Akiganda, akae chini. Kukaa kunampa mwili mahali pa kushika na tetemeko huisha lenyewe. Usimvute. Lakini mazoezi haya yanafanywa mahali ambapo kukosea kunagharimu mchubuko tu.

Jambo lingine ambalo waliofika Uhuru hulipima vibaya ni kushuka. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, kushuka kunachosha mapaja. Kila hatua ya kushuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unakazana huku unavutwa kurefuka, na hiyo ndiyo kazi inayoupasua nyuzi ndogondogo kuliko kazi yoyote. Ndiyo maana baada ya saa kadhaa magoti yanakuwa kama ya kukopa. Kwenye mgongo wa katikati unafika kileleni umetumia nusu ya nguvu, unapiga picha, unafurahi, halafu matuta yote yaleyale yanakungoja, safari hii na mapaja yaliyochoka, tope lililokanyagwa na watu wa siku nzima, na jua linaloshuka. Ni mwendo wa saa nane hadi kumi kwa watu wenye miguu mizuri. Machi jua la Honolulu linazama karibu kasorobo ya saa moja jioni, na kama ilivyo kwetu, giza la tropiki haliombi hodi.

Ukikwama, utapiga 911, na kikosi cha zimamoto cha Honolulu kitatuma helikopta. Ni watu hodari sana, wanaifanya kazi hiyo mara nyingi mno. Lakini helikopta haipiti ndani ya wingu. Mgongo ukifunikwa, na unafunikwa ghafla, rubani atarudi na waokoaji watakuja kwa miguu, usiku, juu ya tope lilelile. Mwaka 2015 kijana wa miaka 18 alipotea baada ya kwenda upande wa ngazi hizo. Alitafutwa kwa miguu na kutoka angani, na hakupatikana.

Nikubali jambo moja kwa uaminifu. Wanaotaka ngazi zibaki wana hoja yenye uzito: ngazi ya chuma yenye vishikio, ikitunzwa, ni salama kuliko mgongo mtupu wa tope, na kuna watu ambao wataendelea kupanda hata ngazi zikiondolewa, tena kwa hatari zaidi. Mimi mwenyewe ningependa kuona zimefunguliwa kwa utaratibu, watu wanalipa, wanahesabiwa, mtaa unalala. Ila matamanio yangu hayabadilishi hali ya leo.

Sasa mpeleke wapi? Siku ya kwanza au ya pili, akiwa bado na usingizi wa ndege, nendeni Koko Crater. Ni reli ya zamani ya jeshi, vidato 1,048 vya magogo ya reli vinavyopanda moja kwa moja hadi mita 368. Katikati kuna kipande kinachopita juu ya korongo kama daraja, unaona hewa kati ya magogo. Hapo ndipo utamjua mdogo wako. Akipita ametulia, vizuri. Akiganda, pembeni kuna kijia cha kuzunguka, na hakuna aliyekufa kwa kuzunguka. Nendeni alfajiri, kwa sababu hakuna kivuli.

Kisha, siku ya tatu au ya nne, mkiwa mmepumzika, nendeni Kuliouou. Hii ndiyo zawadi niliyokuahidi. Ni njia ya serikali, inaanzia mwisho wa mtaa upande wa Hawaii Kai, kama kilomita nne kwenda, na inakufikisha juu kabisa ya mgongo wa Koolau, zaidi ya mita 600. Inapanda kwa kona kona, taratibu, kisha unaingia kwenye mivinje. Ndiyo, mivinje kama ya kwetu pwani, na upepo unavyolia ndani yake utamkumbusha nyumbani. Katikati kuna kibanda chenye meza za kupumzikia. Kipande cha mwisho ni kikali, kina vidato na mizizi. Halafu unatokea, na upande wa pili ardhi inakatika: Waimanalo chini yako, bahari ya rangi tatu, na wingu likija linapanda ule ukuta kutoka chini hadi linakupiga usoni. Apige picha hapo. Msisogee zaidi ya mwisho wa njia, kule mgongo unaendelea bila kutunzwa na uluhe ni uleule.

Na kama roho yake itabaki Haiku, mpeleke bustani ya Hoomaluhia, Kaneohe. Ni ya jiji, ni bure, na ukuta wote wa Koolau unasimama mbele yako. Msisimamishe gari kwenye barabara ya kuingilia kupiga picha, wamekataza na wanasimamia. Mkirudi mjini pitieni barabara kuu ya H-3, ambayo inapita ndani ya bonde la Haiku lenyewe. Wewe uendeshe, yeye aangalie.

Kwa Kuliouou jiandaeni hivi. Angalieni utabiri wa idara ya hali ya hewa wa upande wa Koolau, si wa Waikiki, na ikiwa mvua kubwa ilinyesha usiku ahirisheni, mna siku nane. Anzeni saa moja asubuhi. Kila mtu lita mbili za maji walau, na tochi ya kichwani hata kama mnarudi mchana. Viatu viwe na meno ya kina. Wenyeji wengi siku za tope huvalisha juu ya viatu minyororo yenye meno ya chuma, na inasaidia kweli, ila haigeuzi njia mbaya kuwa nzuri. Amueni saa ya kugeuka kabla hamjatoka nyumbani, mfano saa tano, na ikifika mgeuke hata kama kilele mnakiona. Mwachie rafiki ujumbe: tunakwenda wapi, tutarudi saa ngapi, usiposikia kutoka kwetu piga simu. Kabla na baada, sugueni tope kwenye soli kwa brashi na kuzipulizia spiriti, kwa sababu kuna ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya ohia, mti mkuu wa misitu ile, na unasafiri kwenye tope la viatu.

Msinywe maji ya kijito chochote, na mkiwa na vidonda miguuni msivikanyagishe majini. Kuna homa ya leptospirosisi kwenye vijito vya Hawaii. Mtu akipata homa kali, kichwa na maumivu ya misuli ya miguu ndani ya wiki chache baada ya kugusa maji hayo, aende hospitali na amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa mlimani. Kumbuka mdogo wako atakuwa ameshapanda ndege kurudi, na daktari wa nyumbani anaweza kudhani ni malaria peke yake. Vilevile, mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito siku moja au mbili baada ya kupanda, msingoje: ni dalili kwamba misuli imevunjika na inaziumiza figo. Aliyegonga kichwa naye aonwe siku hiyohiyo, hata kama anacheka.

Ikiwa wewe mwenyewe unataka kuijua migongo ya Koolau kwa kina, kwa sababu unaishi huko na nakuona una hamu, usijifunze kwa video. Kuna chama cha Hawaiian Trail and Mountain Club kilichoanzishwa mwaka 1910, kinaongoza matembezi. Nenda, jitambulishe, useme ulichopanda na usichokijua. Tembea nyuma ya mzee mmoja wa pale, angalia anavyopiga jiwe kwa kiganja kabla ya kulishika.

Mdogo wako mpe salamu zangu, na umwonyeshe ile aya ya macho na kuyumba kabla hajapanda ndege. Aanze mazoezi huko huko nyumbani, hata kwenye ngazi za ghorofa.